Kuchagua skopu ya bei nafuu ya kupigia ndege picha kwa simu

Maji yakipwa Mida, karibu na Watamu kwenye pwani ya Kenya, ndege unaowafuata hutawanyika kwenye tope wakichokoa kaa na minyoo, mita 80 au 100 kutoka uliposimama. Simu peke yake itakupa vidoti vyeupe. Lenzi ya kamera ya milimita 600 ingewaleta karibu, lakini bei yake humnunulia mtu bodaboda. Hapo katikati ndipo penye skopu: darubini ya jicho moja inayofungwa juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), na simu huchungulia ndani yake mahali pa jicho lako.

Mtindo huu si mgeni. Anayetajwa kuuanzisha ni Laurence Poh, mpenda ndege wa Malaysia, aliyeegesha kamera ndogo ya dijitali kwenye skopu yake mwaka 1999. Tofauti ya leo ni kwamba kamera tayari iko mfukoni mwako.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu ya kawaida na bajeti isiyozidi dola 400 kwa vitu vitatu: skopu, tripodi na adapta (kishikizo cha kuifunga simu kwenye skopu). Jambo moja tulishike tangu mwanzo, kwa sababu ndilo linalowapotezea wengi pesa zao: picha nzuri hupigwa kwenye namba ya chini ya zumu. Ukinunua kwa kufuata namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, umenunua giza na mtikisiko.

Hatua ya 1: Hakikisha skopu ndiyo unayoihitaji

Skopu ni chombo cha ndege aliyetulia mahali pa wazi. Kitwitwi na sululu wa ufukweni katika msimu wa kuhama, kuanzia Agosti au Septemba hadi Aprili. Heroe wa Nakuru, Bogoria na Natron. Yangeyange kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo. Furukombe aliyetua juu ya mti mkavu kando ya ziwa. Tai kwenye kiota cha majabalini, ambako hutakiwi kabisa kusogea. Kwa kazi hizo, hakuna kifaa cha bei hii kinachoishinda.

Msituni haifai. Arabuko-Sokoke au Usambara, kabla hujamweka ndege ndani ya duara ameshahamia tawi jingine, na mwanga wa chini ya miti ni haba. Kwenye chombo kinachoelea haifai pia: wanaokwenda Mabamba, Uganda, kumtafuta korongo-nyangumi huingia kwa mtumbwi, na tripodi juu ya mtumbwi hutikisika kila mtu anapogeuza shingo. Wala haifai kwa ndege anayeruka. Kama hayo ndiyo mapenzi yako, afadhali utafute kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 70-300, au udunduize ununue kamera yenye zumu ndefu ya kujengewa ndani.

Hatua ya 2: Soma namba, kisha ugawanye

Skopu iliyoandikwa 20-60x80 hukuza kuanzia mara 20 hadi mara 60, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 80. Iliyoandikwa 16-48x65 huanzia mara 16 hadi 48, lenzi ya mbele milimita 65. Namba inayoamua picha yako haikuandikwa popote; unaipata kwa kugawanya: kipenyo cha lenzi ya mbele gawanya kwa ukuzaji. Jibu ni upana, kwa milimita, wa kiduara cha mwanga kinachotoka upande wa jicho.

Chukua skopu ya milimita 60. Kwa mara 20, kiduara ni milimita 3. Kwa mara 60, ni milimita 1 tu. Sasa itazame simu yako. Tundu la lenzi yake kuu lina upana wa milimita 3 hivi. Kwenye mara 20, kiduara kinalijaza tundu lote na simu inapata mwanga wake kamili. Kwenye mara 60, kiduara kimepungua upana mara tatu, kwa hiyo eneo lake limepungua mara tisa. Simu inabaki na sehemu moja ya tisa ya mwanga, nayo hujiokoa kwa kupandisha ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga) na kurefusha muda wa shata (muda inaoruhusu mwanga kuingia). Matokeo yake ni chengachenga kwenye manyoya na ukungu wa mtikisiko. Wengi huilaumu simu, kumbe kosa ni la hesabu.

Hesabu hiyohiyo ina habari njema kwa mwenye bajeti ndogo. Skopu ya milimita 80 kwenye mara 20 hutoa kiduara cha milimita 4, lakini simu inachukua milimita 3 tu na zilizobaki zinamwagika pembeni. Milimita 80 zinakulipa pale unapopanda hadi mara 25 au 27. Kwa hiyo anayepiga kwa simu, akitembea kwa miguu, anatosheka na lenzi ya milimita 60 hadi 65. Ni nyepesi, haihitaji tripodi nzito, na pesa inayobaki ina pa kwenda. Chukua ya 80 kama unafika kwa gari na utapiga sana alfajiri. Ya milimita 50 ni ya msafiri anayehesabu kila gramu: ifikirie kama skopu ya mara 15 hadi 20, usiipandishe zaidi ya hapo.

Kwenye rafu na kwenye maduka ya mtandaoni utakutana na majina kama SVBONY SV28 (ile ya 70 huandikwa 25-75x70), SVBONY SV406P (20-60x80), Celestron Ultima 65 (18-55x65) na Ultima 80 (20-60x80), Kowa TSN-501 (20-40x50), pamoja na Hawke na Vortex za daraja la chini. Kila moja ipitishe kwenye kugawanya huko. Angalia namba ya kuanzia kuliko ya kumalizia: skopu inayoanzia mara 16 au 18 ni rafiki wa simu kuliko inayoanzia mara 25, kwa sababu inakupa mwanga zaidi na uwanja mpana wa kumtafutia ndege.

Ndege atatokea mkubwa kiasi gani? Kwa kipimo cha lenzi za kamera kubwa, lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 26 hivi. Zidisha kwa mara 20, unapata sawa na milimita 520. Kwa umbali wa mita 30, picha yako itachukua upana wa mita 2 hivi. Ndege wa ufukweni mwenye urefu wa sentimita 18 atachukua chini ya sehemu moja ya kumi ya upana huo. Kwenye picha yenye upana wa pikseli 4000, ndege ana pikseli 350. Inatosha kumtambua, haitoshi kutundika ukutani. Akiwa mita 15, anapata pikseli 700. Ndiyo maana kusogea, au kumngoja ndege asogee, kuna thamani kuliko zumu yoyote; tutalirudia kwenye habari ya bamvua, yale maji makubwa ya bahari.

Hatua ya 3: Mkague muuzaji kwa rula

Kuna darubini ndogo za jicho moja zinazouzwa kwenye maduka ya simu na mtandaoni zikiwa zimeandikwa 40x60, hata 300x40. Karibu zote hazikuzi hata robo ya hayo. Rula ya shule inatosha kulibaini hilo:

1. Pima kipenyo cha kioo cha mbele, kioo chenyewe bila fremu yake.
2. Elekeza upande wa mbele kwenye anga jeupe (kamwe usielekeze kwenye jua). Shika chombo mbali na uso kiasi cha sentimita 30, utaona kiduara cheupe kimeelea kwenye lenzi ya jicho.
3. Weka rula juu ya kiduara hicho, upime upana wake.
4. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Kioo kikiwa milimita 36 na kiduara milimita 4, hiyo ni mara 9, boksi liseme litakavyosema.

Ukiwa umeshika skopu hivyo, kitazame kiduara umbo lake. Kikiwa duara safi lenye mwanga sawa, prizimu (vioo vya ndani vinavyoisimamisha picha wima) ni za kioo cha BaK-4 au zimetengenezwa vizuri. Kikionekana kama mraba wenye kingo za kijivu, ni kioo cha BK7 kinachokata mwanga pembeni. Kwenye picha utaona pembe zimefifia.

Hatua ya 4: Vioo, na lini ulipie ED

Neno la kutafuta kwenye maelezo ni kwamba vioo vyote, pande zote, vimepakwa tabaka nyingi za kuzuia mwakisiko. Jaribio lake: simama chini ya taa, tazama mwakisiko wake kwenye lenzi ya mbele. Ukiwa wa kijani au zambarau iliyofifia, sawa. Ukiona taa nyeupe kali kama kwenye kioo cha dirisha, kuna uso ambao haukupakwa kitu, na picha zako zitakuwa na weupe wa maziwa.

ED ni aina ya kioo kinachopunguza ukingo wa rangi, ule uzi wa zambarau upande mmoja na kijani upande mwingine, unaotokea pale cheusi kinapokutana na cheupe. Elekeza skopu kwenye antena au nguzo ya umeme yenye anga jeupe nyuma yake, ufokasi, kisha pandisha zumu. Rangi hiyo itaongezeka kadiri unavyopanda. Kwenye skopu ya milimita 60 kwa mara 20, kioo cha kawaida kinavumilika. Kwenye ya 80, hasa kama unapenda ndege weupe au ndege walio juu ya matawi dhidi ya anga, ED inastahili pesa yake. Programu za simu hupunguza zambarau kidogo, lakini huondoa na rangi halisi ya mdomo na ya jicho la ndege.

Sharti lisilo na mjadala kwa mtu wa pwani: skopu isiyoingiza maji na iliyojazwa naitrojeni. Isiyozibwa huota kuvu ndani baada ya masika moja au mawili, na kuisafisha kunagharimu karibu sawa na kununua nyingine.

Hatua ya 5: Iliyonyooka au iliyopinda?

Iliyopinda kwa nyuzi 45 inakuwezesha kuweka tripodi chini, na tripodi fupi ni tripodi tulivu. Watu wa vimo tofauti wanatazama bila kuishusha na kuipandisha. Kasoro yake ni kwamba skrini ya simu inatazama juu, jua la saa sita linaiua; kofia pana au kitambaa cheusi juu ya kichwa hutatua hilo.

Iliyonyooka inalenga haraka zaidi, na ndiyo ya mtu wa hifadhini. Kule hushuki garini hovyo. Skopu inalala juu ya mfuko wa maharage kwenye dirisha, na ile iliyopinda itakulazimisha kukunja shingo mpaka ikuume. Kilo mbili za maharage au mchele kwenye mfuko wa kitambaa kigumu, ujazwe robo tatu tu ili uweze kubonyea. Na injini izimwe.

Hatua ya 6: Tripodi haiombewi msamaha

Katika kila shilingi 100 ya bajeti, weka 55 kwenye skopu, 35 kwenye tripodi na 10 kwenye adapta. Watu wengi huweka 90 kwenye skopu, na 10 kwenye kitripodi cha mezani kilichokuja bure ndani ya boksi. Kile kitupe kando. Kwenye sawa na milimita 520, pumzi ya upepo inayosogeza skopu kwa upana wa unywele inatosha kumtia ndege ukungu kwenye picha.

Jaribu tripodi hivi: funga skopu, weka mara 20, lenga maandishi ya mbali, kisha gonga mguu wa tripodi kwa kidole. Hesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja, nunua. Ikiendelea kuyumba kwa sekunde tatu, iache hata kama ni nzuri kwa sura. Tafuta miguu yenye vipande vitatu kuliko vitano, kwa sababu kile kipande cha mwisho huwa chembamba kama fimbo ya mwavuli. Nguzo ya katikati usiipandishe. Kichwa kiwe cha video, chenye mkono wa kusukumia, kwani kichwa cha tufe, kile kinachogeuka pande zote, huanguka na skopu pale unapokilegeza. Chini ya nguzo tundika mfuko wenye chupa mbili za maji za lita 1.5, uguse ardhi kidogo ili usibembee.

Ukisha kufunga simu, uzito wa nyuma umeongezeka kwa gramu 200 hivi na skopu itainamia upande wako. Sogeza kikanyagio chake (kile kipande cha chini kinachofungwa kwenye tripodi) mbele kwenye kichwa mpaka isimame yenyewe bila kukazwa. Hatua hii huchukua dakika moja na watu wengi hawaifanyi, kisha wanashangaa kwa nini ndege anashuka chini polepole kwenye skrini.

Hatua ya 7: Jaribio la dukani, au siku ya kwanza nyumbani

Toka nje ya duka, usijaribu kupitia dirisha. Tafuta bango lenye maandishi madogo, mita 50 hadi 100.

Zungusha gurudumu la fokasi kupita mahali pa ukali, kisha urudi. Kwenye kioo kizuri, maandishi hukaza ghafla na unajua umefika. Kwenye kibaya unazunguka na kurudi bila kupata mahali penyewe. Fanya hivyo kwa mara 20, halafu katikati, halafu mwisho. Utaona ni wapi maandishi yanaanza kulainika, na hapo ndipo zumu yako halisi inapoishia. Peleka herufi pembeni mwa uwanja uone zinavyopinda. Tikisa skopu karibu na sikio: kitu kikigonga ndani, prizimu imelegea. Ukivaa miwani, tafuta umbali wa jicho (kutoka lenzi ya jicho hadi pale jicho linapouona uwanja wote) wa milimita 15 au zaidi. Umbali huo unaisaidia simu pia.

Kwa ya mtumba, ongeza tochi. Imulike kupitia lenzi ya mbele, uchungulie kwa upande wa jicho kwa mshazari. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Vumbi kidogo si neno. Ukiona vitu viwili badala ya kimoja, iache palepale.

Ukiagiza kutoka nje, bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni. Kuna nauli, ushuru, na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Uganda asilimia 18. Muulize wakala wa forodha kabla ya kulipa.

Hatua ya 8: Adapta, ya kununua au ya kujitengenezea

Adapta za kubana simu yoyote zinauzwa kwa bei ndogo. Kabla ya kununua, pima kipenyo cha nje cha lenzi yako ya jicho: zungushia uzi, pima urefu wake, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 144 ni kipenyo cha milimita 46. Kisha linganisha na vipimo vya adapta. Kasoro ya adapta hizi ni kwamba kila ukiitoa simu unaanza upya kutafuta katikati. Ukishaipata, chora alama kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kila skrubu na kila reli.

Njia tunayoipenda zaidi ni ya bomba, kwa sababu ukishaiweka sawa mara moja inabaki sawa:

1. Nunua kava gumu la plastiki la simu yako, lisilo la mpira.
2. Nenda na skopu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, chagua soketi ya PVC (kiungio cha mabomba ya maji) ambayo tundu lake limezidi lenzi ya jicho kwa milimita 1 hadi 3.
3. Tafuta umbali sahihi. Shika simu kwa mkono nyuma ya lenzi ya jicho, isogeze mbele na nyuma hadi duara la mwanga liwe kubwa kuliko yote na kingo zake ziwe kali. Mtu wa pili apime pengo hilo kwa rula. Mara nyingi liko kati ya milimita 10 na 18.
4. Kata pete ya PVC yenye urefu wa pengo hilo jumlisha milimita 20 za kushikia lenzi. Isawazishe kwa msasa juu ya kioo ili isimame wima kabisa.
5. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Bandika kitambaa laini ndani ya zile milimita 20 mpaka pete ikae kwa kubana kidogo.
6. Ishike kwanza kwenye kava kwa utepe wa karatasi, ukiiweka katikati ya lenzi kuu, si katikati ya kundi zima la kamera. Jaribu kwenye skopu. Rekebisha hadi duara likae katikati ya skrini.
7. Toa simu, kisha ugandishe kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili. Iache saa 24. Usitumie supagluu: mvuke wake huacha utando mweupe juu ya lenzi, na hautoki.

Skrini itakuambia kosa liko wapi. Kivuli chenye umbo la mwezi mwandamo upande mmoja maana yake simu haijakaa katikati. Pete nyeusi sawasawa pande zote maana yake simu iko mbali mno. Madoa meusi yanayocheza kama maharage kila ukigusa, iko karibu mno. Ikibaki pete nyembamba tu, kuza kwa simu hadi 1.3 au 1.5 na itapotea.

Hatua ya 9: Kupiga

Kabla ya yote, izuie simu kubadili kamera yenyewe. Simu nyingi mpya zinapoona kitu karibu na lenzi hudhani unapiga picha ya ua, zikahamia kwenye lenzi pana, na skrini inakuwa nyeusi ghafla. Zima modi ya makro, na kama programu ya kamera inaruhusu, funga kwenye lenzi kuu.

Kumpata ndege ni kazi ya peke yake. Funga kebo tai, ile ya mafundi umeme, kuzunguka mdomo wa skopu, ncha yake ikisimama juu kama shabaha ya bunduki. Ikate ibaki sentimita 2. Lenga ncha hiyo kwa ndege ukiwa kwenye mara ya chini kabisa, ndipo utazame skrini.

Fokasi kwa gurudumu la skopu, ukikuza skrini kwenye jicho la ndege, kisha bonyeza na kushikilia hapo ili simu ifunge fokasi na mwangaza. Yangeyange na ndege wengine weupe: shusha mwangaza kwa 0.7 hadi 1, la sivyo manyoya yanakuwa karatasi tupu. Mnandi mweusi dhidi ya anga: pandisha kwa 1. Shata iwe 1/500 ya sekunde kwa ndege anayetembea. Kwa aliyelala, 1/125 inatosha. ISO ibaki chini ya 400. Usiguse skrini kupiga. Tumia kihesabu cha sekunde 2, rimoti ya bluetooth, au kitufe cha sauti cha spika za masikioni zenye waya. Piga kwa mfululizo, kumi kumi. Ndege akiwa na pirika, rekodi video ya 4K na uchague fremu baadaye: kila fremu ina megapikseli 8.

Kwenye daraja la kamba la mikokoni, kama lile la Mida, ngoja wote wasimame. Hatua ya mtu mmoja hufika kwenye skopu iliyo mita 20 mbele yake.

Adui mkubwa ni mazigazi. Kuanzia saa tatu asubuhi, joto linalopanda kutoka kwenye mchanga, magadi au tope kavu huifanya hewa kucheza, na ndege anaonekana kama yuko chini ya maji. Hakuna skopu, ya dola 100 wala ya dola 4000, inayolishinda hilo. Dalili yake ni kwamba fokasi inakaza na kulegea yenyewe bila wewe kugusa kitu. Dawa ni kupiga mapema, kupiga juu ya maji au majani kuliko juu ya mchanga, na kupunguza umbali.

Hapo ndipo bamvua inapokusaidia. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji kwenye pwani yetu hujaa mnamo saa kumi jioni, na kwenye hori zilizoingia ndani hukawia kidogo. Yanapojaa huwafukuza ndege kwenye tope na kuwakusanya kwenye kipande kidogo cha mchanga kilichobaki kikavu. Fika saa mbili kabla ya maji kujaa, keti mita 40 kutoka hapo ukiwa umelipa jua mgongo, shusha tripodi hadi usawa wa kifua chako ukiwa umeketi, na usisogee tena. Wao ndio watakaokuja. Jua la saa hiyo liko upande wa bara, nyuma yako, na mwanga ni wa dhahabu. Siku za maji mafu tope halifuniki lote na ndege hawana haja ya kukusogelea, basi usipoteze nauli.

Wote wakiinua vichwa kwa pamoja, umewakaribia mno. Rudi nyuma taratibu. Ndege hawa wanajaza mafuta ya safari ya kurudi Ulaya na Asia, na kila wanaporushwa wanapoteza sehemu yake.

Baada ya safari

Chumvi na mchanga viondoke siku hiyohiyo. Pulizia vioo kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi. Ukifuta kabla ya kupuliza, chembe za mchanga zitachora kioo. Khanga na pindo la shati havifai. Mwili wa skopu ufute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo ya chumvi. Vuta miguu yote ya tripodi, isuuze, iache wazi usiku kucha.

Usihifadhi skopu kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na gramu 200 za silika ile inayobadilika rangi ikishashiba unyevu. Mchele usiuweke humo, una vumbi. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye sufuria kwa moto mdogo hadi irudi kama ilivyokuwa. Wakati wa masika pwani, kagua kila wiki.